Mahaba Yalivyoshuka Mitaani

Kabla ya mahaba palikuwa na kupenda. Kitenzi hiki ni cha Kibantu, na ndugu zake wametapakaa nyuma ya pwani yote. Mgiriama husema kuhendza. Mkikuyu na Mkamba wamedondosha sauti ya kwanza, kwa hiyo pendo kwao ni wendo. Mkamba akimwita bintiye Mwende, au akimwita mwanawe Mwendwa, amesema lile lile tunalosema sisi tukisema mpendwa, wala hahitaji mkalimani zaidi ya sikio lililotulia.

Waswahili walikitumia kitenzi hicho kwa upana ajabu. Kikazaa pendeza, pendelea, pendana, na hata pendekeza, ambalo leo liko katika kumbukumbu za kila mkutano. Mbele ya irabu i, d yake ikageuka z, kama vile linda ilivyozaa mlinzi na tenda ikazaa utenzi, tukapata mpenzi, kipenzi na mapenzi. Huko mashariki mwa Kongo wao wamebaki na mapendo, na wasichana huitwa jina hilo hilo. Lakini tazama kazi nyingine ya kupenda: “Mungu akipenda,” twasema, na maana yake ni akitaka, akiridhia. Mapenzi ya Mungu ni matakwa yake. Mgeni huambiwa achukue apendacho. Ndani ya kitenzi hiki mna hiari. Anayependa amechagua.

Nadhani hapo ndipo palipobaki nafasi. Kwani kuna hali nyingine ya moyo, ile inayomjia mtu bila kuulizwa, ikamkosesha usingizi, ikamfanya aseme peke yake njiani. Kwa hali hiyo watu wa pwani walipata neno kutoka ng’ambo ya bahari, nalo ni mahaba.

Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa h, b na b. Mzizi huo ulitupa pia huba, muhibu, mahabubu na habibi, na majina ya Habibu na Habiba ambayo hayakosekani katika mtaa wowote wa Waislamu kutoka Lamu hadi Kilwa. Maneno haya hayakuja siku moja wala kwa njia moja. Yalikuja kwa kusi na kaskazi, kwa walimu wa vyuo, kwa masharifu wa Hadhramaut, kwa kasida, na kwa barua, maana hata barua ya madeni au ya pembe za ndovu katika karne ya 19 ilianza kwa kumwita mwenye kuandikiwa muhibu. Yalipofika, Kiswahili kiliyapokea kwa adabu zake chenyewe. Ma- ya Kiarabu katika mahaba ni sehemu ya neno, haina uhusiano wowote na ngeli zetu. Waswahili waliisikia kama ma- ya mapenzi na mambo, wakasema mahaba yangu, mahaba haya, na neno likakaa katika ngeli kama lililozaliwa humo. Habibi nalo lina “yangu” ndani yake tayari, katika ile i ya mwisho, lakini sisi husema habibi wangu bila wasiwasi.

Makao ya kwanza ya neno hili yalikuwa ya heshima kubwa. Mahaba yalikuwa ya Mtume. Huko Pate, Sayyid Aidarus bin Athman aliitia katika Kiswahili cha kale Hamziya, ile kasida ya al-Busiri wa Misri ya kumsifu Mtume, na kwa vizazi kadhaa ilisomwa na waliojua kusoma. Mtu alimpenda mkewe, lakini mahaba aliyafundishwa msikitini, kama daraja ya moyo inayofikiwa kwa dhikri na elimu. Na elimu hiyo ilikuwa ya nani? Ya waungwana. Mtumwa aliruhusiwa kubeba msahafu wa bwana wake, lakini katika miji mingi hakuketishwa darasani.

Majumbani mwa waungwana, wanawake walikuwa na darasa lao. Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mwaka 1858, katika visiwa vya Lamu. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa, na ugonjwa umekwisha timiza mwaka. Mumewe, Bwana Mataka, sheikh wa Siyu aliyewapinga masultani wa Unguja kwa muda mrefu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Bintiye, Mwana Hashima, bado ni msichana. Mama akamwita asogee karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi wenye beti 102.

Anayefungua utendi huo akitarajia kusimuliwa jinsi moyo unavyodunda atashangaa. Mama hasemi hisia, asema matendo. Amfundisha binti amtumikie mumewe, ampepee alalapo, amkande, amtunze kama mtoto asiyejua kunena, afukize nyumba, ajipambe, ajitie marashi. Wasomaji wengi wa leo huusoma kwa hasira, na hasira hiyo naielewa, kwa sababu wajibu wote umewekwa begani mwa mke. Lakini mimi naona pia mjane anayejua kwamba anakufa, na binti yake hatakuwa na mtu wa kumlinda ila nyumba atakamoolewa. Utendi ule ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa na wanawake kwa wanawali wao, na ndio ulioweka kwenye maandishi jambo ambalo makungwi na masomo walilijua tangu zamani: mahaba yana ustadi wake, na ustadi hufundishwa.

Mombasa mambo yalikuwa yameshaanza kubadilika kabla ya hapo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Alitunga juu ya vita vya ukoo wa Mazrui wa Mombasa na Sultani Seyyid Said, juu ya njaa, juu ya marafiki wenye vinyongo, na juu ya wanawake aliowapenda na waliomtesa. Tungo zake zilibaki vichwani mwa watu hadi miaka ya 1880, ndipo Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor walipozikusanya. Hata hivyo Muyaka mwenyewe alikuwa mtu wa tabaka la juu, na sauti yake ilikuwa ya mwanamume wa mjini anayejulikana.

Ninalotaka kusema katika makala haya ni kwamba mahaba hayakufanywa neno la watu wote na waungwana. Waliofanya hivyo ni watu walioitwa watumwa na watoto wa watumwa, na wale wachache waliokubali kukaa nao. Nitataja mahali pawili.

Pa kwanza ni Lamu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 alifika huko kijana sharifu kutoka Ngazija, Swaleh bin Alawi Jamalullayl. Watu walikuja kumwita Habib Swaleh, kwani katika desturi ya Hadhramaut masharifu wanazuoni huitwa Habib, yaani mpenzi. Alianza kufundisha watu ambao mji haukutaka wafundishwe: watumwa, walioachwa huru, wageni maskini waliokaa pembezoni. Waungwana walichukizwa. Kwao, elimu ya dini katika mikono ya mtumwa ilikuwa hatari, kwa kuwa anayejua dini hawezi tena kuambiwa kwamba Mungu amemuumba duni. Habib Swaleh hakurudi nyuma. Akaanzisha msikiti na chuo cha Riyadha, akaleta maulidi ya al-Habshi yaliyotungwa Seiyun, huko Hadhramaut, yakasomwa kwa matari. Wengine walisema ngoma haina nafasi msikitini. Yeye aliona watu wake wanamsifu Mtume kwa miili yao yote, akawaacha wamsifu.

Fikiri maana yake kwa mtu aliyenunuliwa. Hana ukoo anaotambuliwa nao, hata jina alilonalo amepewa na mwingine. Sasa anasimama katika safu, bega kwa bega na wenzake, anayumba kulia na kushoto, na mdomoni mwake mna neno la mahaba kwa kiumbe bora kuliko wote. Hakuna aliyempa ruhusa isipokuwa mwalimu wake. Habib Swaleh alifariki mwaka 1935, na hadi leo maulidi ya Lamu huvuta watu kutoka pwani nzima. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya ulikomeshwa kisheria mwaka 1907 tu, wakati Riyadha ilikuwa imekwisha simama.

Mahali pa pili ni Unguja, na hapa nitakaa zaidi.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda muziki wa Misri. Alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni, na kasrini kukawa na taarabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Habibi na mahaba yaliimbwa humo usiku kucha, lakini mpishi aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, na mchukuzi aliyepita chini ya dirisha, walisikia sauti nzuri tu. Maneno hayakuwa yao.

Wakati huo huo katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa, alikuwepo mtoto wa kike aliyezaliwa yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Kinyamwezi, mama yake ya Kizigua, wote wa ukoo wa watumwa. Walimwita Mtumwa. Hilo ndilo jina lake la kwanza: Mtumwa binti Saad. Alikua akifinyanga vyungu kama mama yake, akavibeba kichwani kwenda kuviuza, akinadi njiani kwa sauti ambayo watu walianza kuikumbuka kuliko vyungu vyenyewe. Mwaka 1897 ikatoka amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria visiwani. Lakini amri ile haikuwagusa masuria. Wanawake waliowekwa ndani na mabwana zao walibaki walivyo hadi 1909. Mtu akizungumzia historia ya mapenzi katika Unguja asiuruke mwaka huo, kwa sababu kwa wanawake wengi sana, kupendwa na kumilikiwa yalikuwa jambo moja, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda.

Mwaka 1911 binti Saad alihamia mjini. Aliishi Ng’ambo, upande wa vibanda vya udongo na makuti, walikojaa watu walioachwa huru. Alijifunza kuimba na kughani kwa Muhsin Ali, kisha likaundwa kundi lililokuwa na kina Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban na Mbaruku, fundi wa muziki kipofu kutoka Mombasa. Jina la Mtumwa likaachwa. Akaitwa Siti, jina la bibi mtukufu.

Aliimba Kiarabu kwa wakubwa waliotaka Kiarabu, na Kihindi pia alikiimba. Lakini kwa watu wa Ng’ambo aliimba Kiswahili. Hapo ndipo neno letu lilipogeuka. Yale mahaba ya kasri, yaliyokuwa yamefungwa katika lugha ambayo wengi hawakuifahamu, yakasikika sasa kwa lafudhi ya mwanamke wa Fumba, yakiwa na wivu wa mtaani, na talaka, na mume asiyerudi nyumbani, na furaha ya anayependwa kweli. Wapinzani walimtungia nyimbo za kumkejeli, wakimwuliza tangu lini naye amekuwa mtu, yeye aliyekuja mjini na kaniki. Alijibu kwa wimbo kwamba uzuri wa sura si hoja, na kwamba kilema kibaya kwa mtu ni kukosa akili na ujuzi.

Sauti ile ile haikuishia kwenye mapenzi. Ilipotokea mwanamke mjamzito akauawa, muuaji akatoroka na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokwenda kushtaki, Siti aliimba kisa hicho, na jina la Kijiti, yule muuaji, halijasahaulika mpaka leo. Kwa wasikilizaji wake hapakuwa na mpaka kati ya nyimbo za aina hizo mbili. Anayeweza kusema hadharani kwamba moyo wake unauma, aweza pia kusema kwamba hakimu amekosea.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya HMV. Wanawake wengine wa Afrika Mashariki walikuwa hawajapata kurekodiwa. Santuri zikarudi kwa meli, zikapigwa kwenye migahawa na vibarazani, Unguja, Mombasa, Dar es Salaam, Tanga. Mwaka huo huo wa 1928, wakubwa wa elimu wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakaamua kwamba Kiunguja ndicho kitakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaundwa 1930, kamusi ya Johnson ikatoka 1939. Wanafunzi hufundishwa habari za mkutano ule. Naona ni haki wafundishwe pia habari za safari ya Bombay, kwa sababu mtu wa bara ambaye hakuwahi kushika kamusi aliisikia lafudhi ya Unguja kwenye gramafoni, na miongoni mwa maneno ya kwanza aliyoyachukua yalikuwa ya mahaba.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert, aliyemfuata nyumbani kwake kuandika habari zake, alichapishiwa wasifu huo mwaka 1958. Shaaban mwenyewe aliyajua mambo haya kwa uchungu. Alimpoteza mkewe Amina akamtungia shairi la maombolezo ambalo watoto wa shule wa Kenya na Tanzania wamelisoma kwa miongo mingi. Katika utenzi wake wa Mapenzi Bora alilitumia neno mapenzi kwa upana wake wa zamani, kwa watu wote, si kwa wachumba tu.

Upana huo umepungua, na sababu moja iko katika tafsiri za Biblia. Kuanzia kazi ya Askofu Steere huko Unguja hadi Biblia ya Union ya mwaka 1952, watafsiri walihitaji neno safi kwa pendo la Mungu na la jirani. Katika Biblia ya Union, sura ya 13 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho ni sura ya upendo, na mapenzi katika Sala ya Bwana ni matakwa ya Mungu. Upendo likawa neno la kanisa, likawa jina la wasichana na la kwaya, na waumini wakaitana wapendwa. Mapenzi yakasukumwa upande wa vijana. Mahaba yakasukumwa mbali zaidi, chumbani.

Wanawake wa pwani waliyatunza huko chumbani kwa ufundi mkubwa. Tazama kikuba kinavyotengenezwa. Asumini huchumwa jioni, machipukizi yakiwa bado hayajafunguka. Hutungwa moja moja kwenye uzi, yakatiwa mrehani, na kilua kikipatikana, yakafungwa kishada kidogo cha kubanwa kifuani au kwenye nywele. Usiku ukiingia machipukizi hufunguka yenyewe juu ya mwili wa aliyeyavaa. Chetezo huwa kimekwisha wekwa, nguo zimefukizwa udi, liwa imesagwa. Somo humfundisha mwari kila kimoja na saa yake. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliimba nyimbo za Siti jukwaani duniani kote, lakini nyumbani Unguja wanawake wengi walimjua kwanza kama mwalimu wa unyago aliyefunga ngoma kiunoni.

Na nje ya chumba ilikuwapo kanga. Kila kanga ina pindo, mji, na jina, yaani yale maandishi chini ya mji. Zamani jina lilichapwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Mke asiyeweza kumwambia mumewe neno mbele ya mkwe hununua doti yenye jina linalofaa, akajifunga, akapita mara moja mbele ya mlango. Katika taarabu ni hivyo hivyo. Mwimbaji akifika kwenye ubeti uliokuchoma, unainuka na noti mkononi, unakwenda kutunza polepole, na wote ukumbini wanaangalia unamwelekea nani. Umesema mahaba yako, au umemjibu hasimu wako, na hukufungua kinywa.

Leo magazeti na redio hulitaja neno hili kila siku. Chumba hupambwa kimahaba, safari huwa za kimahaba, kila tangazo la marashi linalo. Wakati huo huo mtangazaji hutuita wapenzi wasikilizaji, mshabiki wa mpira hujiita mpenzi wa timu, na hakuna anayeona ajabu. Mapenzi yamebaki na milango mingi. Mahaba yamebakiziwa mmoja. Kijana akisikia kasida ya maulidi inataja mahaba ya Mtume huinama na kucheka kidogo, kwa sababu hajui kwamba huko ndiko neno lilikotoka, wala kwamba kuna watu walionyimwa darasa wakalipata kwa kupigania.

Ombi langu ni kwa wanaotunga kamusi na kwa walimu wa Kiswahili. Mtakapolifasiri neno hili msianze na mke na mume, anzeni na maulidi, kisha mje kwa Siti, kisha chumbani. Na msomaji, kama nyumbani kwenu kuna santuri ya zamani, itunze, na kama kuna mzee aliyewahi kukaa Riyadha, au bibi anayejua jina la kila kanga iliyomo sandukuni mwake, mkalie kitako umwandike. Wanaokumbuka wamebaki wachache, na mengi waliyonayo hayamo katika kitabu chochote.